Kumtambua Mlezi wa Matabibu wa Nafsi: Mfano wa Kindu, Maniema

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo halijapata nafasi kubwa katika maandishi yetu ya Kiswahili, nalo ni namna ambavyo chuo kinaweza kumtambua mwalimu aliye bora katika kuwafundisha na kuwalea wale watakaokuwa matabibu wa nafsi. Kwa "tiba ya nafsi" tunakusudia ile tiba inayofanyika kwa mazungumzo yenye utaratibu, baina ya mtu mwenye kuumia moyoni na mtu aliyefunzwa kumsikiliza. Tiba hii haihitaji sindano wala vidonge, ingawa haivipingi. Wataalamu wengine wa Afrika ya Mashariki huiita tiba ya kisaikolojia, na sehemu yake moja huiita unasihi. Hatutagombana na majina kwa sasa, ingawa huko mbele itatubidi tugombane nayo kidogo.

Tumeuchagua mji wa Kindu kwa sababu mbili. Kwanza ni haja. Kindu ni makao makuu ya Maniema, jimbo lililotengwa na Kivu ya zamani mwaka 1988. Lilipitiwa na vita vya mwaka 1996 hadi 1997, kisha vya mwaka 1998 hadi 2003. Mji wenyewe ulitekwa mwezi wa Oktoba 1998. Watu waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa leo, na wengi wao hawakupata kuulizwa na mtu yeyote waliona nini. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni adimu katika sehemu yote hii ya nchi, kwa hiyo kazi ya kusikiliza huangukia wauguzi, wasaidizi wa kijamii na vijana waliosoma saikolojia. Sababu ya pili ni lugha. Kindu husoma kwa Kifaransa na huumwa kwa Kiswahili. Mwalimu anayemlea tabibu wa nafsi katika mji huu anafanya kazi katikati ya lugha hizo mbili, na pengine hapo ndipo ubora wake unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Kazi isiyoandikwa

Masomo ya saikolojia nchini yana historia inayojulikana. Vyuo vikuu vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, saikolojia na elimu ya malezi viliwekwa Kisangani, navyo vikabaki huko hata vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Kijana wa Maniema aliyetaka fani hiyo alishuka na Lualaba kwa meli mpaka Ubundu, mahali ambapo maporomoko ya Boyoma huzuia vyombo, kisha akapanda gari moshi kilomita 125 mpaka Kisangani. Siku hizi mji una Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vingine vya juu, na si kila mtu analazimika kusafiri. Hata hivyo, ile njia ndefu ilikuwa na faida moja ambayo haikuandikwa popote: mwanafunzi aliyefika mbali namna hiyo alikaa karibu na waalimu wake, akawaona wakifanya kazi.

Katika fani hii, kuona mwenzako akifanya kazi ni nusu ya elimu. Walimu wa Ulaya walilitambua jambo hilo mapema. Chuo cha uchanganuzi wa nafsi kilichofunguliwa Berlin mwaka 1920 kiliweka sharti kwamba mwanagenzi asome nadharia, apitie tiba hiyo yeye mwenyewe, kisha atibu wagonjwa chini ya jicho la mkubwa wake. Huko Marekani, Carl Rogers alikwenda hatua nyingine: mwaka 1942 alichapisha kitabuni vikao vyote vya mgonjwa mmoja, neno kwa neno, kama vilivyonaswa na mashine, ili wanaojifunza wasikie tabibu anasema nini hasa, maana mara nyingi si kile anachodhani amesema.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kubuni lakini hautamshangaza yeyote aliyewahi kukaa katika kituo cha afya cha mjini. Mwanagenzi amevuka mto asubuhi kwa mtumbwi kutoka Alunguli, kuja kufanya mazoezi ya kazi upande wa Kasuku. Anaketi na mama mjane. Mama anamwambia: "Mwanangu, mimi niko na mawazo. Usingizi hauji." Kijana, ambaye masomo yake yote ameyapata kwa Kifaransa, anaandika daftarini jina la ugonjwa kwa Kifaransa, na kabla ya adhuhuri amekwisha kupanga tiba. Jioni anampelekea mlezi wake lile daftari. Mlezi halisomi lile jina. Anauliza tu:

"Mawazo gani?"

"Mwalimu, sikuuliza."

"Uliogopa jibu, ama ulidhani unalijua?"

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika moja, lakini ndiyo mafunzo yenyewe. Huenda mawazo ya mama ni ya mwana aliyechukuliwa mwaka 1998 asirudi, wala hajulikani kama yu hai apate kungojewa, au amekufa apate kuliliwa. Huenda ni ya karo ya wajukuu. Huenda ni ya yote mawili, na la karo ndilo linalotamkika. Jina lililoandikwa daftarini ni lile lile kwa hali zote hizo, lakini tiba si moja. Aliyejua kumrudisha kijana kwa yule mama na swali moja la ziada amefanya kazi kubwa, na kazi hiyo haitaonekana katika ratiba ya masomo, wala katika hesabu ya saa za kufundisha, wala katika ripoti ya mwaka.

Tunasema haitaonekana kwa sababu ngazi za waalimu wa vyuo vyetu hupandwa kwa njia nyingine. Kutoka msaidizi mtu huwa mkuu wa kazi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa, na hatimaye profesa kamili. Na kinachompandisha ni miaka ya kazi pamoja na maandishi yaliyochapishwa, bila ya kusahau lile bonde la shahada ya udaktari lililo baina ya mkuu wa kazi na profesa mshiriki, ambamo wengi wamebaki mpaka uzeeni. Saa alizokaa na wanagenzi jioni hazina mahali pa kujazwa. Matokeo yake yanaeleweka. Mwalimu mwenye akili huyapunguza masaa hayo. Wengine huajiriwa na mashirika ya misaada, ambayo hulipa vizuri zaidi, nao hatuna haki ya kuwalaumu. Anayebaki ni yule mwenye moyo, na chuo kinachotegemea moyo wa mtu mmoja kimejenga nyumba juu ya nguzo moja.

Hasara haimwangukii mwalimu peke yake. Mwanagenzi asiyelelewa anaweza kumdhuru mtu. Anaweza kumshurutisha mwanamke aliyenajisiwa asimulie yote siku ya kwanza, kisha akamwacha aende nyumbani na lile alilolifufua. Anaweza kutoboa siri. Na Kindu si mji mkubwa kiasi cha siri kupotea njiani. Vilevile anaweza kujidhuru mwenyewe, kwa kuwa masikio yake yanapokea mambo ambayo pengine yalitokea katika ukoo wake pia.

Usimamizi, ukaguzi au ulezi?

Hapa ndipo tunapolazimika kurudi kwenye majina. Kazi tuliyoieleza haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Wengine husema "usimamizi". Neno hili lina harufu ya shamba na bohari: msimamizi ni yule anayehakikisha kwamba kazi inafanyika na vifaa haviibwi. "Ukaguzi" ni mbaya zaidi, kwani mkaguzi huja kutafuta kosa, na mwanagenzi anayekaguliwa huficha kosa lake, hali ya kuwa kosa ndilo jambo la thamani kuliko yote anayoweza kuyaleta mbele ya mwalimu. "Uelekezi" ni zuri lakini linahusu njia tu, si mtu. Wanafunzi wa Kindu hukwepa mzozo wote huu kwa kutumia neno la Kifaransa.

Sisi tunapendekeza "ulezi". Kulea ni kukaa na mtu muda mrefu, kumlisha, kumkanya, kumwachia atembee na kuwa tayari anapoanguka. Aidha neno hili lina ukoo mzuri. Pwani, somo au kungwi humlea mwari, na uhusiano wao haukatiki siku mwari anapotolewa ndani. Mwanagenzi naye ni neno la kale la ufundi, la yule anayeanza kazi chini ya fundi. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na dhana yenyewe kabla ya kuja kwa saikolojia ya vyuoni. Kilichokosekana ni kuihamisha.

Tatizo la msamiati ni kubwa kuliko neno hilo moja. Waandishi wa Tanzania hutumia "sonona" kwa ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, na "kiwewe" kwa jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha. Ni maneno mazuri, lakini mlezi anayempa mwanagenzi wa Kindu neno "sonona" alipeleke kwa mama mjane amempa Kifaransa kingine. Mama anasema "mawazo". Anasema "roho", anasema "moyo", na hayo mawili hayalingani kila mara. Mlezi bora, kwa maoni yetu, ni yule anayemfunza kijana kuyaacha maneno ya mgonjwa yasimame kama yalivyo mpaka maana yake ijulikane, na baada ya hapo tu ndipo atafute jina la kitabuni. Hilo ni somo la tiba, na pia ni somo la isimu. Tunashangaa kidogo kwamba idara za Kiswahili hazijalidai kuwa lao.

Mfano wa bwami

Maniema yenyewe ina desturi ya kale ya kumheshimu anayefundisha. Tunakusudia bwami ya Warega, ambao wanakaa Pangi katika jimbo hili na vilevile Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1973, ameeleza kwa kirefu jinsi mtu alivyopanda ngazi kwa ngazi, kutoka kongabulumbu, kupitia ngandu na yananio, mpaka kindi, na jinsi wake nao walivyokuwa na ngazi zao. Mafunzo yalikuwa ya methali kwa maelfu, ngoma, na vitu vidogo vya mti na vya pembe vilivyoonyeshwa na kufasiriwa. Serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami mwaka 1948, ikiiona kuwa hatari kwa utawala wake.

Bwami si tiba ya nafsi, wala hatutaki kuwavisha Warega koti jeupe. Kinachotuhusu ni utaratibu wao wa heshima. Mali peke yake haikumpandisha mtu. Ilitakiwa tabia njema iliyoshuhudiwa na wengine, na ilitakiwa awe na watu wa kumwongoza. Zaidi ya hayo, mtu alipopandishwa, waliomfundisha walipewa zawadi mbele ya hadhara. Mafanikio ya mwanafunzi yalihesabiwa papo hapo kuwa deni kwa mwalimu, na deni lililipwa. Vyuo vyetu hufanya kinyume: siku ya kutoa shahada tunampigia makofi kijana na wazazi wake, na aliyemlea ameketi nyuma kabisa, kama amepata kiti.

Yaliyopimwa

Msomaji anaweza kuuliza kama kuna ushahidi kwamba ulezi unaleta tofauti, ama ni maneno mazuri tu. Ushahidi upo, tena wa karibu. Mwezi wa Juni 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika mashariki ya Kongo kwa wanawake walionusurika ukatili wa kijinsia na waliokuwa na dalili nzito za maumivu ya nafsi. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba ya nafsi katika vikundi; katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili za kutosha kudhaniwa kuwa na sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza, na asilimia 42 katika kundi la pili.

Tarakimu hizo zimetajwa mara nyingi. Lisilotajwa sana ni nani aliyeitoa tiba hiyo. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa Kikongo, ambao sharti lao la elimu lilikuwa miaka minne baada ya shule ya msingi. Walipewa mafunzo ya muda mfupi, lakini baada ya mafunzo hawakuachwa: walikuwa na walezi wa Kikongo waliowafuatilia mara kwa mara, na walezi hao nao walikuwa na wa kushauriana nao, nchini na Marekani. Ngazi ile ya katikati ndiyo iliyobeba kazi, nasi tunaamini kwamba ndiyo iliyofanya mafunzo mafupi yatoshe. Taarifa ile ina waandishi tisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka katika ngazi hiyo. Hatusemi kwamba walidhulumiwa, kwa maana utaratibu wa majarida ndivyo ulivyo. Tunasema kwamba anayetafuta mfano wa ubora usioonekana hana haja ya kwenda mbali.

Maniema ina mfano wake pia, ingawa si wa tiba ya nafsi. Huko Kasongo, kusini mwa Kindu, ulianza mwaka 1971 mradi wa afya uliosaidiwa na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerp. Wauguzi waliwekwa katika vituo vya afya wakiwa na miongozo iliyoandikwa, na daktari aliwatembelea kuzungumza nao juu ya kazi yao. Kasongo ilijulikana duniani kwa hilo. Na nje ya mipaka yetu, huko Harare, kazi iliyoanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda, ya kuwaweka mama watu wazima kwenye benchi nje ya kliniki wasikilize wenye mawazo mengi, ilipimwa kwa wagonjwa 573 na kuonekana inafaa katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016. Nao wale mama hawakuachwa bila mlezi.

Ubora utajulikanaje?

Ugumu unaanzia hapa. Mwandishi bora tunasoma maandishi yake. Mlezi bora anafanya kazi yake katika chumba kilichofungwa, juu ya siri za watu wasioweza kuja kutoa ushahidi.

Njia inayotumika sana ni kuwauliza wanafunzi. Ina kasoro yake, na kila aliyepita vyuoni kwetu anaijua: mwanafunzi anayengoja alama hasemi kweli, na mwalimu anayetaka sifa anaweza kuzinunua kwa alama. Njia ya pili ni kumpima mwanagenzi mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Nepal walichapisha chombo cha kupimia stadi za tabibu ambazo ni za lazima katika kila aina ya tiba ya nafsi, kwa mfano kusikiliza bila ya kukatiza, kuuliza juu ya hatari ya mtu kujiua, na kueleza mipaka ya siri. Mwanagenzi huzungumza na mtu anayeigiza mgonjwa, na mtazamaji hutia alama. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walieneza vyombo vya namna hii kuanzia mwaka 2022. Kwa mji kama Kindu faida ni dhahiri. Hapahitajiwi mashine ya kunasa sauti, hakuna siri ya mgonjwa inayotoka, na mwigizaji anaweza kusema Kiswahili cha Maniema jinsi kisemwavyo nyumbani. Mwanagenzi akipimwa anapoanza na anapomaliza, tofauti iliyopo ni kazi ya mlezi, walau sehemu yake kubwa.

Hata hivyo chombo hakioni kila kitu. Hakioni mlezi aliyemwambia kijana kwa upole kwamba kazi hii haimfai, na huo pia ni ubora, huenda ndio mgumu kuliko wote. Hakioni aliyemtambua mwanagenzi aliyeanza kunywa kwa sababu ya yale anayoyasikia, akampumzisha kwa wakati.

Kuhusu namna ya kutuza, vyama vya nchi tajiri vina desturi zao. Miongoni mwa wanasaikolojia wa Marekani hutolewa tuzo za kila mwaka kwa waalimu na walezi. Kenya ilichukua njia nyingine, ya sheria: Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inagusa usajili wa wataalamu pamoja na mafunzo yao. Tuzo zina uzuri wake, lakini tuna wasiwasi kwamba nishani moja kwa mwaka ingezaa ugomvi mwingi kuliko ulezi. Mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa hahitaji kwanza nishani. Anahitaji saa zake zihesabiwe.

Pendekezo letu basi ni dogo. Katika faili ya kupandishwa cheo uongezwe ukurasa mmoja. Uwe na idadi ya wanagenzi aliowalea, saa alizokaa nao zilizothibitishwa na kituo cha afya, na matokeo ya kipimo cha mwanzo na cha mwisho. Chini yake wapewe nafasi watu watatu waandike, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, jambo moja ambalo mlezi huyo aliwafunza na ambalo bado wanalitumia kazini. Watu hao wasiwe wanafunzi wake wa sasa. Wawe wamemaliza angalau miaka miwili iliyopita, wako kazini Kibombo, Punia, Kasongo au popote walipo, na hawana tena alama za kungoja kutoka kwake.